Nyota Nne Kabla ya Ijumaa Saa Nane

Masharti ya bosi yalikuwa mafupi. Nyota nne kabla ya Ijumaa saa nane mchana, napewa kazi ya stoo kule Geita. Zikipungua, narudi nilikotoka. Nilikotoka kulikuwa chini ya ardhi, na nilikuwa nimeshaapa mara mbili kwamba sirudi.

Nieleze kwanza hizo nyota. Bosi alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la jumla pale Kambarage, mjini Shinyanga: unga, sukari, sabuni, misumari ya kupima kwa kilo. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni na kompyuta mjini zilikuwa za kuhesabika. Nilizihesabu. Nilizozijua mimi zilikuwa nne, na moja kati ya hizo ilikuwa haiwaki. Ya bosi ilikaa chumba cha nyuma, imefunikwa kitambaa cha maua kama mtungi wa maji ya kunywa. Aliinunua kwa ajili ya hesabu za duka. Binti yake, kabla hajaenda kusoma ng'ambo, aliiwekea mchezo wa hifadhi ya dinosaria, na tangu siku hiyo hesabu za duka zilirudi kwenye daftari.

Kwenye mchezo wenyewe unapewa kisiwa kitupu. Unajenga uzio, unaweka wale wanyama wa kale, unafungua geti, watu wanaingia kutazama. Juu ya kioo, upande wa kulia, kuna nyota tano zilizofifia. Wageni wakifurahi, wanyama wakishiba na uzio ukisimama, nyota zinawaka moja moja. Mnyama akiugua au uzio ukilala, zinazimika. Bosi alikuwa amekwama kwenye nyota mbili kwa miezi mitatu. Mtu aliyeweza kunusa gunia akakwambia mchele huu umechanganywa na wa mwaka jana, alikuwa ameshindwa na mijusi.

Mimi nilikuwa nabeba magunia yake kwa siku. Nikasikia amepata kazi ya kupeleka chakula kwenye kambi moja ya wafanyakazi huko Geita, na anajenga stoo. Nikamfuata.

"Shikamoo bosi. Ile stoo inahitaji mtu."

"Marahaba. Inahitaji mtu mwenye cheti. Chako kiko wapi?"

"Cheti sina. Nina macho."

"Macho hata mbuzi anayo."

"Mbuzi hahesabu, bosi."

Akanitazama. Akaniambia nimfuate chumba cha nyuma, akavua kile kitambaa. "Stoo ni uzio, geti, chakula na midomo," alisema. "Na huu ni uzio, geti, chakula na midomo. Wiki iliyopita alikuja mwenye cheti. Nikamkalisha hapo. Saa moja tu, wanyama wakamaliza wageni. Wewe nakupa siku tano, wakati duka limefungwa mchana. Nyota nne."

"Tatu," nilisema. Mdomo wangu hupunguza kabla akili haijafika.

"Nne."

"Tatu na nusu."

"Nyota haina nusu, kijana."

Nikakubali. Sikuwa na cha kushikilia. Huko Geita nilikuwa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wadogo wanavyoliita shimo la dhahabu. Kazi yangu ilikuwa juu, kwenye roda: kuvuta kamba na kuhesabu watu. Wangapi wameshuka, wangapi wamepanda. Siku moja walishuka kumi na mmoja. Baruti ilikuwa imeshategwa, msimamizi ana haraka, akaniuliza, "Wote?" Nilikuwa nimehesabu mara moja tu, tena huku naongea. Nikasema, "Wote." Mwenzetu mmoja, mrefu, alikuwa amerudi chini kuchukua shati lake.

Tulimtoa baada ya saa nne. Mzima, ila masikio yote mawili hayasikii mpaka leo. Hakujua ni nani aliyesema lile neno. Kila tulipokutana alinipungia mkono kwa furaha, na mimi nikampungia. Msimamizi yeye alijua. Alinitoa kwenye roda akanipeleka chini, nikashuka mara tatu. Mara ya tatu nilifika katikati ya kamba, vidole vikakataa kuachia na miguu ikakataa kushuka, ikabidi nivutwe kama ndoo.

Ndiyo sababu nahesabu kila kitu mara mbili. Watu hudhani ni ubahili, na sijawahi kuwasahihisha, maana sifa ya ubahili husaidia sokoni.

Nilirudi Shinyanga kwa shangazi yangu, Ngokolo. Shangazi hakunisema kitu, ila alikuwa ameanza kuniuliza siku hizi Geita mvua ikoje. Na msimamizi alikuwa ametuma salamu kwa dereva mmoja wa lori: nafasi yangu ya chini ipo, nisipofika mwisho wa mwezi anapewa mwingine. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumamosi.

Jumatatu saa sita na nusu bosi alifunga mlango wa mbele, akakaa pembeni na chakula chake cha mchana, nami nikashika kile kidude cha kusukuma mezani. Maneno yote yalikuwa Kiingereza. Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, tena kilikuwa kimekaa dawati la nyuma. Nilisoma rangi.

Mimi ni Msukuma. Ukinipa uzio na uwanja, jambo la kwanza ni kuujaza. Kwetu mtu haulizwi ana nini, anaulizwa anazo ngapi. Nikaweka wala majani kumi na tisa, wale wanene wenye pembe tatu, wote kwenye boma moja, wamebanana. Niliwahesabu mara mbili. Walipendeza. Niliona kabisa wazee wa kwetu wakisimama kwenye uzio na fimbo zao, wakitikisa kichwa kwa heshima.

Wageni hawakutikisa kichwa. Kwa robo saa majani yaligeuka ya njano, kisha ardhi ikawa nyekundu, kisha mmoja wa wale wanene akaegemea uzio, wenzake nao wakaegemea. Uzio ukalala. Nyota moja ikazimika.

Bosi alitafuna taratibu mpaka akamaliza. "Nilikuwa na mbili," alisema.

"Naona, bosi."

"Nimekukalisha hapo uniongezee. Umenipunguzia."

Jioni ile shangazi aliniwekea ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde. Akaniuliza yule Mhindi ananifanyisha kazi gani siku hizi, maana narudi sina vumbi la magunia. Nikamwambia nachunga mifugo yake. Sikuona haja ya kueleza kwamba mifugo yenyewe iko ndani ya sanduku.

"Mingapi?"

"Kumi na tisa. Ila inavunja uzio."

"Hiyo ina njaa, baba." Kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, shangazi huniita baba, hata akinigombeza. "Inakula wapi?"

"Hapo hapo ndani."

"Siku zote? Hapo hapo?" Aliweka tonge chini. "Huyo Mhindi hana ngitili?"

Nilijisikia mjinga kuliko nilivyojisikia mbele ya kioo. Ngitili ni kipande cha malisho kinachozungushiwa uzio wakati wa mvua, hakuna mnyama anayeingia, majani yanasimama yanakaukia pale pale, na kiangazi kikibana ndipo kinafunguliwa. Nimekulia pembeni mwa ngitili ya babu yangu. Nimechapwa kwa ajili yake, kwa kuruhusu mtamba mmoja aingie. Na Jumatatu ile haikuwa imenijia kichwani hata kidogo, kwa sababu wanyama walikuwa wa Kizungu.

"Na punguza," alisema shangazi. "Uwanja wa ng'ombe kumi huweki ishirini. Mkubwa wao ana ukubwa gani?"

"Kama hii nyumba."

"Ana pembe?"

"Tatu."

Alinitazama muda mrefu, akaangalia sahani yangu, kisha akaendelea kula. "Mwambie aniuzie mtamba mmoja," alisema. "Lakini kwanza nije nimwone. Pembe tatu siwezi kununua kwa maneno."

Jumanne nilipunguza. Kuna kitufe cha kumwondoa mnyama, na nilikibonyeza mara nane huku natupa jicho mlangoni, kama vile mtu wa kwetu angeweza kupita akaniona nakuwa maskini kwa hiari. Wakabaki kumi na mmoja. Kisha nikagawa boma katikati kwa uzio wa ndani, nikaweka geti dogo, na upande mmoja nikauacha mtupu.

"Hapo unaweka nini?" aliuliza bosi.

"Majani."

"Na nini kingine?"

"Majani tu, bosi."

"Uzio wote huo kufuga majani." Alisogeza kiti. "Wageni wanalipa kuona majani?"

Hata mimi nilikuwa na wasiwasi. Kule upande wa wanyama rangi ilianza kugeuka. Kijani kibichi, kijani kilichochoka, njano. Mnyama mmoja akausogelea uzio. Nikafungua geti dogo. Wakaingia ngitili mmoja mmoja, kumi na mmoja, nikafunga nyuma yao, na ule upande uliochoka ukabaki unapumua. Mpaka saa nane nyota ya pili ilikuwa imerudi. Jumatano, baada ya kuwazungusha mara tatu, ikawaka ya tatu, ambayo bosi alikuwa hajawahi kuiona. Alinyanyuka, akafungua duka dakika tano kabla ya wakati. Kwa bosi, hiyo ilikuwa ngoma na vigelegele.

Alhamisi tulikaa pale pale. Wageni walikuwa wanaridhika, nyuso zao ndogo zilikuwa za kijani, lakini upau wa nyota ya nne, ule mstari unaojaa kabla nyota haijawaka, haukusogea hata unywele. Bosi alisoma lile karatasi lililokuja na mchezo, akanitafsiria, na sauti yake ikapungua kadiri alivyosoma: watu hawaji kisiwani kutazama wala majani peke yao. Nyota ya nne inataka mla nyama. Na upau ukishajaa, geti lazima libaki wazi siku nzima ya mchezo, ambayo kwa saa ya ukutani ni kama dakika tatu. Ukilifunga, wageni wote wanatolewa na unaanza upya.

"Mmoja tu anatosha," alisema.

"Anakaa wapi?"

"Uzio wa umeme."

Tukatazamana. Watu wa mji ule na uzio unaotegemea umeme.

Nilimweka. Nilimjengea uzio mara mbili, mmoja ndani ya mwingine, mbali na ngitili, na sikumpenda. Alizunguka akisukuma kichwa kila kona kama mtu anayejaribu vitasa vya milango. Upau ulianza kupanda, ukafika nusu, umeme wa kweli ukakatika dukani, na bahati njema nilikuwa nimeshauhifadhi mchezo.

Ijumaa bosi alinifungulia chumba, akaenda msikitini. Nilikaa peke yangu na feni. Saa saba na dakika ishirini upau ulifika robo tatu. Wageni waliokuwa ndani walikuwa mia moja sitini na tatu, idadi inaandikwa pale kwenye geti, walioingia na waliotoka. Niliihesabu kwa kutoa mwenyewe, sikuiamini mashine. Saa nane kasoro robo bosi alirudi, kanzu nyeupe, ananukia manukato, akasimama nyuma yangu bila kukaa. Huko mbele wateja walishaanza kujikusanya kwenye baraza, nilisikia baiskeli zinaegemezwa ukutani.

"Bado kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo cha wapi? Cha Kambarage au cha Geita?"

"Cha Kambarage, bosi."

Saa nane kasoro dakika sita upau ulijaa. Ikabaki siku moja ya mchezo, dakika tatu, geti wazi, nyota iwake. Taa ya chumba ikapungua nuru kidogo kisha ikarudi. Kila mtu wa Shinyanga anaijua ile dalili. Bosi akasema kitu kwa Kigujarati kwa sauti ya chini. Mbele kule mtu akaanza kugonga mlango, anagonga kwa sarafu, tena na tena, na bosi akatoka kumnyamazisha.

Hapo ndipo mvua ikaanza kisiwani. Mvua ya mchezo, mistari ya kijivu inakatiza kioo. Radi ikapiga, na alama ya umeme juu ya uzio wa ndani ikageuka nyekundu. Kisha ya uzio wa nje. Mla nyama alikuwa kona ya kaskazini. Alisimama. Alisukuma kichwa kama kawaida yake, na safari hii kona haikumrudisha.

Dakika mbili zilikuwa zimebaki. Nilijua hesabu. Anatembea polepole, wageni wako mbali, wengine wangekuwa wameshaona na kukimbia wenyewe. Kwa dakika mbili pengine asingemfikia mtu. Pengine angemfikia mmoja, na mmoja kati ya mia moja sitini na tatu asingeizuia nyota. Upau ulikuwa umejaa, unameremeta. Kile kidude kilikuwa kinateleza mkononi.

Nikabonyeza geti lifungwe. Kengele ikalia, nukta zote za wageni zikageuka kuelekea njia ya kutokea, na upau ukaporomoka mpaka chini kwa mara moja, kama ndoo iliyokatika kamba.

Walitoka. Mia moja. Mia moja na arobaini. Mia moja sitini na mbili, namba ikasimama. Nikangoja. Nikahesabu upya, nikitoa waliotoka kwa walioingia. Mmoja. Nikaanza kumtafuta, kona hadi kona, na mla nyama yuko katikati ya njia sasa, anapita kwenye mvua. Nilimkuta ngitili. Nukta moja yenye kofia ya njano, imesimama kwenye uzio wa ndani, inatazama majani. Watu wote wamekuja kuona mazimwi, yeye anatazama majani. Kulikuwa na gari la hifadhi ambalo nilikuwa sijawahi kuligusa. Nikalituma. Likaenda njia ndefu, likazunguka, likafika, kofia ya njano ikaingia, gari likageuka. Mla nyama akageuka pia. Gari likatoka getini na kengele ikanyamaza.

Mia moja sitini na tatu.

Umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, feni ikazunguka kwa mazoea kisha ikaacha. Sikuwa nimehifadhi.

Bosi aliingia na funguo za duka mkononi. Alitazama kioo, akanitazama mimi. Mara ya mwisho kuutazama upau, ulikuwa umejaa. Saa yake ya mkono ilikuwa saa nane kasoro dakika moja.

"Nne?" aliuliza.

Neno moja, na hakukuwa na mtu wala mashine ya kunikatalia. Lile lingine, la kule kwenye duara, nalo lilikuwa neno moja tu.

"Tatu, bosi. Nilifunga geti."

"Kwa nini ulifunga?"

"Mla nyama alitoka. Kulikuwa na mtu ndani."

Alitazama tena kioo cheusi. "Mtu gani?"

"Mwenye kofia ya njano."

Nje mtu aligonga tena kwa sarafu. Bosi alichukua kitambaa cha maua, akakikung'uta, akaifunika kompyuta, akavuta pembe zote nne zikawa sawa.

"Alitoka?"

"Alitoka."

"Wote?"

"Wote. Nimehesabu mara mbili."

Alichukua tena funguo zake. Nilikuwa nimeshaanza kuuona uso wa msimamizi wa duara, lakini mdomo wangu, kama kawaida, haukungoja.

"Tulikubaliana nyota nne kwa kazi nzima," nilisema. "Nimeleta tatu. Nipe robo tatu ya kazi."

"Kazi haina robo."

"Juzi ulisema nyota haina nusu, nikakubali. Leo ni zamu yako."

Alikaribia kucheka, akajizuia, maana tulikuwa bado tunapatana bei. "Funguo za stoo nitampa mtu mwingine," alisema. "Wewe nakupa geti. Mshahara wa geti ni mdogo."

"Mdogo wa wapi? Wa Kambarage au wa Geita?"

"Lori linaondoka kesho alfajiri," alisema, akaenda kufungua duka.

Shangazi aliponiaga alinipa michembe ya njiani, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuniuliza kama yule mtamba ameshapatikana. Nikamwambia Mhindi ameacha ufugaji.

Siku ya kwanza getini, kule Geita, waliingia watu arobaini na mmoja: wapishi, wabebaji, madereva. Niliwaandika kwenye daftari jipya. Jioni, jua bado lipo, wakatoka. Mwenye funguo za stoo, kijana mwenye cheti, akafunga kufuli zake zote na kuja kwangu anazungusha funguo kidoleni.

"Funga twende, kaka. Wote wametoka."

"Arobaini," nilisema.

"Si ndiyo wote?"

"Waliingia arobaini na mmoja."

"Umekosea kuhesabu."

"Inawezekana." Nikahesabu tena, kwa kidole, mstari kwa mstari. Dereva wa lori akapiga honi. Kijana akaguna, akaniuliza kama nataka tulale hapo. Nikavuta kiti nikakaa katikati ya geti, daftari gotini, na nikamwambia akafungue stoo.

Alifungua kufuli moja moja huku ananisema. Alipotoka alikuwa na mpishi mmoja mzee nyuma yake, aliyekuwa amelala juu ya magunia ya unga, shavu moja jeupe, anauliza kwa hasira ni nani aliyemfungia.

Nikaandika arobaini na moja. Nikafunga.